Mkia wa Mzaha

Wahenga hawakukosea waliponena kuwa mzaha mzaha hutumbua usaha. Methali hii nimeiandika katika insha tangu shule ya msingi, tena kwa mwandiko wa kupendeza, bila kufikiri kwamba siku moja ningelishika jipu lenyewe kwa mkono wangu. Mwaka uliopita, nilipokuwa kidato cha tatu, niliandika mchezo mfupi wa kuchekesha ambao ulichekwa ukumbini hadi vioo vya madirisha vikatetemeka. Mchezo huo huo ulinikosesha usingizi kwa muda wa wiki tatu. Sasa kwa kuwa mimi ndiye katibu wa chama, na mhariri ananidai makala tangu muhula wa kwanza, nimeamua kulipa deni kwa kueleza nilichojifunza: jinsi mzaha unavyofanya kazi, hasa ile sehemu ya mwisho inayomfanya mtu aangue kicheko.

Sehemu hiyo, chamani mwetu, tunaiita mkia. Jina hili lilitoka kwa mwalimu mlezi wetu. Alituambia kwamba mzaha ni kama nge: mwili wote ni wa kutembea tu, kazi yenyewe imo mkiani. Wakati huo tulicheka. Baadaye nilikumbuka kwamba nge hachekeshi. Nge huuma.

Mimi nilianza vibaya. Siku yangu ya kwanza kusimama mbele ya chama, nikiwa kidato cha kwanza, nilichagua kisa cha Abunuwasi na sufuria. Nilijikohoza nikasema, "Hamjambo? Leo nitawasimulia kisa cha kuchekesha sana, jinsi Abunuwasi alivyomwibia jirani yake sufuria kwa ujanja." Hapo nilikuwa nimekwisha kuharibu mambo, ila sikujua. Nilisimulia hadi mwisho. Kimya. Mtu mmoja akakohoa. Jasho likaanza kunitiririka. Nikadhani labda hawakuelewa, nikaanza kuwaeleza: "Yaani mmeona, jirani alikuwa amekubali kwamba sufuria inaweza kuzaa, kwa hivyo sasa hawezi kukataa kwamba inaweza..."

Kutoka nyuma, sauti ya mwanafunzi wa kidato cha nne ikasema polepole, "Tumeona. Keti."

Lo! Watu walivunjika mbavu. Wengine walishuka chini ya madawati. Mimi nilirudi kiti changu uso umenishuka, nikitamani ardhi ipasuke inimeze. Lakini usiku kitandani nilijiuliza swali ambalo halijaniacha hadi leo. Nilikuwa nimetumia dakika tano na maneno mengi, nisipate hata tabasamu. Yeye alitumia maneno mawili tu. Alikuwa na nini ambacho mimi sikuwa nacho?

Juma lililofuata mwalimu alikisimulia kisa hicho hicho, na safari hii tulicheka. Alisimulia hivi. Abunuwasi aliazima sufuria kwa jirani yake. Baada ya siku chache akairudisha, na ndani yake akatia kisufuria kidogo. Jirani akauliza, "Na hiki je?" Abunuwasi akasema, "Ndugu yangu, sufuria yako ilikuwa na mimba. Imezaa." Jirani akatazama huku na huku, akapokea mama na mtoto, akashukuru Mungu. Siku nyingine Abunuwasi akaja tena kuazima, naye jirani akampa kwa mikono miwili. Wiki ikapita, ya pili ikapita, sufuria haionekani. Jirani akaenda kuidai. Akamkuta Abunuwasi mlangoni ameinamisha kichwa kama mfiwa. "Pole sana, jirani. Sufuria yako imefariki." Jirani akapandwa na hasira: "We! Umeona wapi sufuria ikafa?"

Hapo mwalimu alinyamaza. Alitutazama mmoja mmoja. Kisha akasema kwa upole, "Pale pale ulipoiona ikizaa."

Abu Nuwas mwenyewe alikuwa mshairi wa kweli mjini Baghdad, zama za Khalifa Harun al-Rashid. Visa vilivyobandikwa jina lake vilikuja pwani yetu vikawa vya Kiswahili kabisa. Kisa cha sufuria husimuliwa hata Uturuki, ila huko mjanja ni Nasreddin Hodja. Majina yamebadilika na bahari zimevukwa, lakini mkia ni ule ule. Kwa nini?

Kwanza, kwa sababu kila kitu cha mkia kimewekwa mbele yetu mapema. Hakuna kilichofichwa. Tulisikia kwamba sufuria imezaa, tena tukamwona jirani akipokea. Tulidhani hicho ndicho kichekesho chenyewe, tukakiweka kando. Kumbe ni akiba. Mkia ukija hauleti kitu kipya; unageuza tu kile tulichokuwa nacho tayari. Mwanafalsafa Mjerumani Immanuel Kant aliandika mwaka wa 1790 kwamba kicheko huzuka pale tazamio lililovutwa sana linapogeuka ghafla kuwa si kitu. Sithubutu kubishana na mtu mkubwa kama yule, lakini kwa maoni yangu halikuwa si kitu. Liligeuka kuwa kitu kingine ambacho tulikuwa tumekikalia muda wote.

Pili, ni mpangilio wa maneno. Neno linalogeuza mambo lazima liwe la mwisho, na likishatoka, funga mdomo. Mimi nilitaja ujanja na wizi katika sentensi yangu ya kwanza. Nilikuwa nimemshika nge mkia kabla hajatembea. Na baada ya mkia nikaongeza maelezo, jambo ambalo ni baya zaidi. Ukimfafanulia mtu mzaha ni kama kumtafunia chakula kisha umwambie ameze.

Tatu, ni kimya. Kile kimya cha mwalimu kilitupa nafasi ya kuungana na jirani na kusema mioyoni, kweli jamani, sufuria itakufaje? Tulipokwisha kuungana naye, tukaanguka naye.

Hapa mzaha unatofautiana na kitendawili. Nikikuambia "Kitendawili," nawe ukajibu "Tega," sote tunajua kuna kitu kimefichwa, na unaanza kukitafuta. Mzaha haukuambii kwamba kuna cha kutafuta. Unakuacha utembee kwa furaha zako hadi unapokanyaga.

Mchezo wa kuigiza wa kuchekesha una shida zaidi, kwa kuwa watu huona kwa macho. Mwalimu alitupa kazi ya kuchunguza vipindi vya zamani vya Sauti ya Kenya, ile ambayo tangu mwaka wa 1989 huitwa KBC. Tulitazama Vioja Mahakamani na Vitimbi, ambamo Mzee Ojwang, yaani marehemu Benson Wanjau aliyefariki mwaka wa 2015, aliwavunja Wakenya mbavu pamoja na Mama Kayai. Mimi niliipenda mahakama. Mahakama inafaa mzaha kwa sababu kila mtu anajua inavyotakiwa kuwa: hakimu ana heshima yake, shahidi ameapa, kiongozi wa mashtaka anauliza kwa ukali. Tazamio limejengwa kabla mtu hajafungua kinywa. Kilichobaki ni mshtakiwa mmoja tu wa kulibomoa.

Tuligundua pia siri ya tatu-tatu. Jambo likitokea mara moja ni tukio. Likitokea mara ya pili, mtazamaji anadhani amejua mtindo. Mara ya tatu anangoja lile lile, na hapo ndipo unapompa jingine. Mara nne ni nyingi, watu wanachoka. Na mchezo usipopata mkia hauishi, unafungwa tu na pazia. Kule Uingereza kikundi cha Monty Python, kilichokuwa na kipindi BBC kuanzia 1969 hadi 1974, kilichoka kutafuta mikia. Nyakati nyingine kilimtoa mtu aliyevalia kijeshi aje kuusimamisha mchezo katikati kwa kuwa umezidi upuuzi. Sisi hatukuwa na ujasiri huo. Sisi tulitaka mkia.

Basi, sasa nifike kwenye jambo lenyewe.

Shuleni tulikuwa na mlinzi wa usiku, mzee wa makamo, mpole, ambaye sote tulimwita Mzee. Alivaa kabuti refu hata wakati wa joto, mkononi rungu na kurunzi. Usiku mmoja wa Alhamisi, muhula wa pili, habari zilifika bwenini baada ya taa kuzimwa, pamoja na harufu ya chapati. Aliyezileta alikuwa akihema, sweta limejaa majani ya ua. Habari zenyewe zilikuwa fupi: Mzee amekutana na mbuzi karibu na ua, akatimua mbio hadi nyuma ya jikoni. Tulicheka ndani ya blanketi mpaka kiranja akatisha kutuandika majina. Hakuna aliyeuliza zaidi. Hadithi tamu haihojiwi.

Jumamosi hiyo ilikuwa zamu ya chama chetu kuburudisha ukumbini. Niliandika mchezo wa mahakama kwa siku moja. Mshtakiwa alikuwa mbuzi. Shahidi alikuwa mlinzi, na mlinzi nilikuwa mimi, kabuti la kuazima limenifika miguuni.

Kiongozi wa mashtaka akaniuliza kwa ukali, "Shahidi, usiku huo ulikuwa na silaha gani?"

"Rungu, mheshimiwa."

"Na nini tena?"

"Kurunzi, mheshimiwa."

"Na ulipomwona mshtakiwa ulitumia silaha ipi?"

Nikatazama rungu. Nikatazama kurunzi. Nikahesabu kimoyomoyo hadi tatu, kama nilivyofunzwa.

"Miguu, mheshimiwa."

Wee! Sijawahi kusikia kicheko kama kile. Watu walisimama juu ya viti. Walimu walifuta machozi. Mimi nilisimama pale katikati nikijiona mfalme. Hapo ndipo nilipomwona Mzee. Alikuwa amesimama mlangoni, nyuma kabisa, kwa kuwa kazi yake ni kufunga ukumbi tukimaliza. Mdomo wake ulikuwa umetabasamu. Au labda nilitaka kuamini kwamba ulikuwa umetabasamu.

Usiku ule ule, mwanga wa kurunzi ulipopita madirishani, sauti ilitoka kitandani: "Meee!" Ukafuata mwangwi kutoka mabweni mengine. Usiku wa pili hivyo hivyo. Wiki ya pili hata kidato cha kwanza, watoto waliofika juzi, walikuwa wakimpita langoni na kuuliza, "Mzee, miguu iko?" Jioni moja nilimwona akiwaambia vijana wawili warudi kutoka kwenye ua. Walimtazama, wakacheka, wakaendelea kwenda zao. Naye alisimama tu, rungu likining'inia.

Hapo moyo wangu ulianza kunidunda. Mlinzi wa shule hana bunduki. Rungu lenyewe haruhusiwi kumpigia mwanafunzi. Silaha yake ni moja tu: akisema "simama," unasimama. Silaha hiyo nilikuwa nimemnyang'anya mbele ya shule nzima, nikashangiliwa. Kisha nikasikia jikoni, kutoka kwa wapishi, kwamba ofisini wameanza kunong'ona kuhusu kutafuta mlinzi mwingine, mwenye umri mdogo. Mzee alikuwa na watoto shuleni. Usiku huo sikulala.

Naibu wa mwalimu mkuu alijaribu dawa yake. Paredi ya Jumatatu alitangaza kwa sauti ya radi, "Kuanzia leo, mwanafunzi yeyote atakayelia kama mbuzi..." Kabla hajamaliza, kutoka mstari wa kidato cha kwanza ikasikika, nyembamba kabisa, "Meee." Hata walimu waligeuka kutazama upande wa bendera ili wasionekane wakicheka. Msomaji, mzaha haufutwi kwa tangazo. Anayetangaza anatoa nusu ya kwanza ya mzaha mwingine, na daima kuna mtoto aliye tayari na nusu ya pili.

Nilimwendea mwalimu mlezi nikamwuliza kama ni dhambi kumwiga mtu. Alinisimulia habari za kikundi cha Redykyulass, vijana watatu, Walter Mong'are, Tony Njuguna na John Kiarie. Mwishoni mwa miaka ya 1990 walimwigiza Rais Moi kwenye televisheni angali madarakani, jambo ambalo Wakenya hawakuwa wamezoea kabisa. Watu walicheka kwa furaha na kwa hofu. "Sasa angalia," mwalimu akasema, "Rais aliigwa usiku, na kulipokucha bado alikuwa Rais. Mlinzi wako umemwiga usiku, na kulipokucha amekuwa nani?"

Sikuwa na jibu. Nilikuwa nimejua mkia unavyotengenezwa. Sikuwa nimejiuliza unamwangukia nani.

Jumapili jioni nilijikaza kisabuni nikaenda langoni. Mzee alikuwa ameketi juu ya kijiti chake, chupa ya chai miguuni.

"Habari ya jioni, Mzee."

"Nzuri, kijana. Keti." Neno lile lile. Niliketi.

"Mzee, nimekuja kuomba msamaha. Ule mchezo..."

"Ule mchezo ulikuwa mzuri," akasema. "Pale pa miguu hata mimi nilicheka. Ila hadithi mliikatia njiani."

Alinimiminia chai katika kifuniko cha chupa, kisha akanisimulia taratibu, kana kwamba hakuna haraka duniani. Usiku ule alisikia kitu kikitambaa chini ya ua. Akamulika. Akaona mgongo umefunikwa gunia. Akauliza, "Nani huyo?" Gunia likajibu, "Meee." Akasogea. "Ni mbuzi wa nani huyu?" Gunia likasema tena, "Meee." Akanusa hewa. Harufu ya chapati. Basi akainama, akauliza kwa sauti ya upole sana, kama mwalimu wa darasani: "Na wewe mbuzi, uko kidato gani?"

Mzee akanyamaza. Akanywa chai.

"Akaniambia, 'Cha tatu, Mzee.'"

Nilijaribu kucheka, chai ikanipalia.

"Ndipo nikakimbia," Mzee akaendelea. "Hapo mlisema kweli, nilikimbia. Kicheko kilinishika tumbo. Nikichekea pale, mbuzi atajua nimemshika, na nikimshika sharti niandike jina lake kwenye kitabu. Na mtihani ni Jumatatu. Mbuzi akitumwa nyumbani wiki mbili, atausomea wapi? Nikakimbilia nyuma ya jikoni, nikacheka peke yangu kama mwendawazimu."

Nilitazama chini kwa muda mrefu. "Mzee," nikasema, "mbona hukuwaambia walipokuwa wakikulilia? Ungeeleza tu jinsi ilivyokuwa."

"Nieleze nini? Mtu akianza kueleza mzaha, anachekwa mara ya pili."

Nilikumbuka siku yangu ya sufuria. Tumeona. Keti. "Na huyo mbuzi," nikauliza, sauti imenikauka, "unamjua?"

Mzee alinitazama kama vile nimeuliza kama jua huchomoza. "Kijana, mimi ni mlinzi."

Usiku huo niliandika mchezo wa pili. Ulikuwa kesi ya rufaa. Mahakama ile ile, hakimu yule yule, kabuti lile lile, maswali yale yale ya mwanzo, kwa sababu nilitaka watu wakae juu ya mzaha wa zamani kama jirani alivyokaa juu ya sufuria iliyozaa. Mzee nilimwomba ruhusa, nikitumaini atanipa baraka zake tu. Akasema, "Mimi nitakuwa mimi. Wewe utakuwa mbuzi."

"Mbona mimi, Mzee?"

"Sauti unayo."

Jumamosi ya mwisho ya muhula ukumbi ulijaa hadi milangoni. Mzee alipopanda jukwaani mwenyewe, na kabuti lake la kweli, "Meee" zilisikika kila pembe. Hakusema kitu. Alisubiri. Mimi nilikuwa chini ya gunia, kifuani nimebana chapati mbili, nikinuka jasho. Kiongozi wa mashtaka akauliza habari za rungu, akauliza habari za kurunzi, akauliza silaha aliyotumia. Shule nzima ikajibu kwa pamoja kabla yake: "Miguu!" Mzee akatikisa kichwa polepole. "Hapana, mheshimiwa," akasema. "Nilitumia mdomo." Ukumbi ukatulia. Hili halikuwa wanalolijua.

Akawasha kurunzi, akanimulika. Akauliza swali la kwanza. Nikalia. Akauliza la pili. Nikalia. Akanusa hewa, mara moja, mara mbili, na hapo nikasikia watu wa mbele wakianza kucheka kwa chinichini bila kujua kwa nini. Kisha akainama na kuniuliza kidato changu. Mzee yule hajafundishwa na mtu, lakini kimya alichokiacha pale sijakiona kwa mwigizaji yeyote. Nilipojibu, sauti yangu haikusikika vizuri, kwa kuwa nusu ya ukumbi ilikuwa imekwisha kuelewa.

Kicheko hicho kilikuwa cha namna nyingine. Kile cha kwanza kilikwenda upande mmoja, kama mawe yanayorushwa. Hiki kilizunguka. Kidato cha kwanza waliwacheka kidato cha tatu, kidato cha tatu walinyosheana vidole wao kwa wao, na katika kila bweni kulikuwa na watu wawili watatu waliocheka kidogo kuliko wengine, kwa sababu wao pia wanajua njia ya chini ya ua. Mzee peke yake hakucheka. Alizima kurunzi, akatoa saluti kwa hakimu, akashuka.

Tangu siku hiyo, kurunzi ilipopita madirishani, sauti ya kitandani ilikuwa, "Cha tatu, Mzee!" Naye alijibu kutoka gizani, "Lala, mbuzi." Na watu walilala. Jioni nilimwona tena akimwambia kijana mmoja arudi kutoka kwenye ua. Kijana alicheka, lakini alirudi. Maneno ya kutafuta mlinzi mwingine sikuyasikia tena jikoni, na Mzee bado yuko langoni hadi ninapoandika haya.

Naibu wa mwalimu mkuu, ambaye si mtu wa kusahau, alimwita Mzee pembeni siku ya kufunga shule akataka kujua mbuzi wa kweli alikuwa nani. Mzee alifikiri sana. Kisha akasema, "Mwalimu, usiku mbuzi wote ni weusi."

Hilo ndilo nililojifunza, wenzangu. Kutengeneza mkia ni ufundi, na unaweza kufundishwa: weka akiba mapema, funga kwa neno la mwisho, nyamaza kabla na baada. Lakini kabla ya kusema, tazama mkia unaelekea wapi. Ukimwangukia mwenye nguvu, ataamka kesho na nguvu zake. Ukimwangukia mwenyewe unayesimulia, watu watacheka nawe. Ukimwangukia asiye na cha kujibia, umempiga tu, hata kama ukumbi mzima umekupigia makofi. Na ukisimuliwa mzaha uliokuwa mfupi mno, uliza kama haujakatwa. Aliyetuletea habari bwenini usiku ule wa Alhamisi hakusema uongo. Alikata maneno ya mwisho tu, kwa kuwa hayo ndiyo yaliyomwangukia yeye, akatuachia ya kumwangukia Mzee.

Nimalizie kwa ombi dogo. Naibu wa mwalimu mkuu akiufikia ukurasa huu, namsihi asijisumbue kumtafuta mbuzi wa kidato cha tatu. Hayupo tena. Alipanda kidato cha nne mwezi wa kwanza, ameacha kabisa mambo ya chapati, na chama cha Kiswahili kimemchagua kuwa katibu.